Umbo limefungika machoni, ujazo hautoki: kutafuta tundu kati ya nyuso na solidi

Umechora nyuso zote za umbo kwenye programu ya CAD, yaani ya kuchora kwa kompyuta. Ukilizungusha umbo kwenye skrini huoni tundu popote. Unaomba ujazo, na programu inakupa eneo la nyuso peke yake, au inasema ulichochagua si solidi, au, mbaya kuliko yote, inatoa namba ya ajabu bila hata kusita.

Tatizo ni kwamba wewe unatazama na programu inahesabu. Kwake uso ni ngozi isiyo na unene, na ngozi sita zinazogusana bado ni ngozi sita. Zinageuka solidi, yaani umbo lenye ndani na nje, pale tu kila ukingo unapotumiwa na nyuso mbili. Si uso mmoja, wala si nyuso tatu.

Chukua sanduku la kawaida. Nyuso zake sita zikiwa zimeachana zina kingo 24, nne kwa kila uso. Zikishonwa, kila kingo mbili zinazokutana zinakuwa ukingo mmoja, na jumla inabaki 12. Ukiona 13, mshono mmoja umeachia. Ukiona 16, kuna uso mzima umekaa mahali pake lakini haujashonwa popote. Ukiona 12 huku nyuso ni tano, kifuniko hakipo kabisa. Hesabu hii ndogo imeniokolea muda kuliko kuvuta picha karibu na kukodoa macho. (Silinda na tufe zina desturi zao: uso uliojizungusha hujishona wenyewe kwa wenyewe, kwa hiyo ukingo wa mshono huhesabiwa mara mbili na uso uleule. Hilo si kosa.)

Kabla ya kugusa chochote, hifadhi nakala ya faili, maana tiba kadhaa zinazofuata hazina kurudi nyuma ukishafunga programu. Kisha iulize programu ulicho nacho ni nini. Kwenye Rhino, What itakuambia kama ni uso mmoja, nyuso zilizoungana zikiwa wazi, au umbo lililofungika. AutoCAD ina LIST, na MASSPROP yake, amri ya kupima ujazo, hupokea solidi na Region (eneo bapa lililofungwa) tu, kwa hiyo ikikataa umeshapata jibu. FreeCAD ina Check geometry kwenye sehemu ya Part. SolidWorks huweka miili ya nyuso na miili ya solidi kwenye folda mbili tofauti pembeni. Ukijua jina la kitu, nenda kwenye dalili inayokuhusu.

## Kushona kumekubali, lakini umbo bado ni uso

Hii ndiyo dalili inayoongoza. Join ya Rhino, Knit ya SolidWorks, Stitch ya Fusion na ya Inventor, zote zinafanya kazi ya sindano: hutafuta kingo mbili zilizo karibu vya kutosha na kuzifanya moja. Zikikwama mahali pamoja, mara nyingi hazilalamiki. Hushona zilipoweza na kukuachia ganda lenye tundu.

Usibahatishe lilipo. Iambie programu iwashe kingo zilizo wazi, yaani zile zenye uso upande mmoja tu. Kwenye Rhino ni ShowEdges, kisha uchague Naked Edges. Dirisha la Stitch la Fusion hupaka kingo hizo rangi nyekundu hata kabla hujathibitisha. SolidWorks ina Check, na kwa faili zilizotoka nje ina Import Diagnostics inayoorodhesha nyuso mbovu na mianya.

Umbile la kingo zilizowaka ndilo linalokueleza ugonjwa. Ukiona kitanzi kimoja kinachojifunga, uso umekosekana. Mara nyingi ni kidogo sana, kama kile kipembetatu kinachobaki pale kona tatu za mviringo zinapokutana. Ukiona mistari miwili inayokwenda pamoja, karibu kiasi cha kuonekana mmoja mpaka uvute karibu kabisa, huo ni ufa. Ukiona nukta tu, basi kuna ukingo mfupi mno au kipande cha uso chembamba kama uzi, na hicho ndicho kigumu kuliko vyote kwa sababu huwezi hata kukichagua kwa kipanya.

Tundu la kitanzi huzibwa kwa kiraka, na hapo hakuna maajabu. Ufa ndio unaotaka akili. Pima upana wake kwanza, ndipo ufikirie toleransi. Toleransi ni ule umbali ambao chini yake programu hukubali kuzihesabu kingo mbili kuwa moja. Ikiwa toleransi ni mm 0.001 na ufa ni mm 0.03, kushona hakutafanikiwa hata ukibonyeza mara mia. Unaweza kuipandisha hadi mm 0.05 kwa mshono huo, na kwa tanki la bamba hakuna atakayejua. Kwa kipuri kinachoingia ndani ya kingine kwa kubana, mm 0.03 ni habari nyingine, na dawa yake ni kuuchora upya uso. Ufa wa mm 2 hauhusiani na toleransi kamwe. Hilo ni kosa la uchoraji: refusha uso mmoja upite mwingine, kisha ukate.

Mpaka wa juu wa toleransi ni urefu wa ukingo mfupi kuliko yote katika umbo lako. Ukiuvuka, programu itaanza kuzikusanya ncha mbili za ukingo mmoja kuwa nukta moja. Niliwahi kupandisha toleransi hatua kwa hatua jioni nzima hadi umbo likajifunga, nikaenda kulala nikiwa na furaha. Asubuhi niligundua kwamba mkato wa mm 0.4 uliozunguka mdomo wote ulikuwa umemezwa. Ujazo ulitoka, ila ulikuwa wa kitu kingine.

Tahadhari hiyohiyo inahusu JoinEdge ya Rhino. Inalazimisha kingo mbili kuungana kwenye daftari la programu bila kuzisogeza hata kidogo. Kwa kupata ujazo wa haraka inatosha. Lakini ufa bado upo palepale, na utaibuka tena utakapojaribu kukata, kuunganisha na umbo lingine, au kupeleka faili kwenye mashine.

Kwa nini nyufa hutokea hata kama aliyechora hakukosea? Kwa sababu mahali nyuso mbili za kupinda zinapokatana huwa hapaandikiki kwa mstari mwepesi. Viraka viwili vya daraja la tatu kila upande, ambavyo ni vya kawaida kabisa kwenye CAD, vinaweza kukatana kwenye mpindo wa daraja la 324. Hakuna programu inayohifadhi kitu kama hicho. Huhifadhi mpindo wa kukadiria, na kila uso hubaki na makadirio yake. Ukihamisha faili kwenda programu yenye toleransi kali zaidi, makadirio mawili yaliyokuwa yakielewana yanaacha kuelewana.

Aina ya faili nayo inachangia. IGES, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1980, mara nyingi husafirisha nyuso zilizokatwa moja moja, bila habari kwamba uso huu umepakana na ule. Programu inayopokea inalazimika kushona upya kutoka mwanzo. STEP, kiwango cha ISO 10303, inaweza kubeba solidi pamoja na ujirani wa nyuso zake. Kama aliyekutumia IGES bado anapatikana, muombe STEP iliyotolewa kutoka kwenye solidi. Dakika mbili zake zinaweza kukuokolea siku nzima.

## Amri ya kufunga mdomo inakataa

Cap ya Rhino hufunga matundu bapa tu. Kama mdomo wa chombo umepinda hata kidogo, itakuambia haikuweza na kuishia hapo. Weka kiraka kinachofuata kingo, kwa mfano Patch au EdgeSrf, au Fill kwenye SolidWorks, kisha ushone. Kama mdomo ulitakiwa kuwa bapa na umepinda kwa makosa, ukate kwa bapa moja chini kidogo ya ukingo, halafu ufunge. Kumbuka umepunguza kimo, kwa hiyo andika umepunguza kiasi gani.

Sababu ya pili ni kwamba kitanzi cha mdomo chenyewe hakijifungi, kwa kuwa mshono wa wima kwenye ukuta umeachia na kuacha mwanya mpaka juu. Hapo rudi kwenye dalili iliyotangulia. Kifuniko hakiwezi kukaa kwenye mdomo uliopasuka.

Ya tatu ni ya watu wa AutoCAD. Uso uliochorwa kwa 3DFACE wenye pembe nne unaweza kuwa umepindana: pembe tatu ziko kwenye bapa moja, ya nne imeinuka. CONVTOSURFACE inapokea zile zilizo bapa peke yake. Zigawe zilizopindana katika pembetatu mbilimbili. Pembetatu haina namna ya kupindana.

## Nyuso zinakutana vizuri, lakini SURFSCULPT inasema hazizungushi kitu

Hapa ninakaa kidogo, kwa sababu kuna mazoea ambayo watu hujifunza kwa kushona kisha yanawaponza. Anayeshona hujitahidi nyuso zikutane ukingo kwa ukingo, zisizidi wala zisipungue. Lakini kuna kundi jingine la amri linalofanya kazi kama kisu cha unga: SURFSCULPT ya AutoCAD, Sculpt ya Inventor, Enclose ya Onshape na CreateSolid ya Rhino. Hizi hutafuta nafasi iliyozungukwa na nyuso pande zote, hukata vilivyozidi, na kukupa kilicho katikati kikiwa solidi.

Kwa amri hizi, kukutana ukingo kwa ukingo ni kujitafutia shida. Uso ukipungua kwa elfu moja ya milimita, nafasi imevuja. Uzidishe kwa milimita tano na hakuna chochote kinachoharibika, kwa kuwa ziada itakatwa. Kwa hiyo refusha kila uso upite jirani zake. AutoCAD ina SURFEXTEND, Rhino ina ExtendSrf. Umbo litaonekana la ovyo, mabawa yakitokeza kila upande, na hivyo ndivyo linavyotakiwa kuwa.

Ikikataa hata hivyo, tafuta uso uliorefushwa ukapinda na kukimbia mwingine. Nyuso za kupinda zikirefushwa hufuata mpindo wao, na zinaweza kugeukia upande usioutaka. Jaribu pia kuondoa uso mmoja mmoja na kuweka badala yake bapa kubwa. Bapa likifanya amri ikubali, umeshampata mkosaji.

Kosa jingine linalofanana na hili: mtu anatumia THICKEN akitarajia solidi iliyojaa. Thicken inaupa unene ukuta, haijazi tumbo. Utapata solidi halali kabisa yenye ujazo wa ngozi peke yake.

## Namba imetoka, lakini haiingii akilini

Programu zinazokagua kwanza zitakuonya kwamba umbo liko wazi. Zana nyingine, hasa za meshi (umbo lililoundwa kwa vipande vidogo bapa, mara nyingi pembetatu), hujumlisha tu na kukupa matokeo. Ili ujue namba gani ya kuamini, inafaa kujua inavyopikwa.

Programu huchukua nukta ya sifuri ya mchoro, kisha kwa kila uso hutengeneza piramidi ambayo ncha yake iko kwenye sifuri na kitako chake ni huo uso. Uso unaoipa sifuri mgongo huongeza ujazo, unaoielekea hupunguza. Umbo likiwa limefungika, vinavyozidi na vinavyopungua hufutana sawasawa, na haijalishi sifuri iko wapi. Likiwa wazi, havifutani, na jibu linategemea mahali umbo lilipokaa.

Mfano: mchemraba wa mm 100 kila upande, ujazo wake ni mm³ 1,000,000. Ondoa uso wa juu. Kama sifuri iko kwenye kona ya chini, nyuso tatu zinazopita kwenye sifuri hazichangii chochote, na kila moja ya zile nyingine huchangia theluthi. Bila uso wa juu utasoma 666,667. Hamisha mchemraba uleule ili sifuri iwe katikati yake, na kila uso sasa unachangia sehemu moja ya sita, kwa hiyo utasoma 833,333. Umbo ni lile lile, namba ni mbili.

Hapo ndipo ninapopata kipimo ninachokitumia kila mara: pima ujazo, sogeza umbo mbali kiasi, pima tena. Namba ikibadilika kwa kiasi cha kueleweka, umbo liko wazi au kuna uso uliogeuzwa, hata kama programu haijasema neno. Namba isipobadilika, bado si cheti kamili, lakini wasiwasi mkubwa umeondoka.

Kuhusu uso uliogeuzwa: kila uso una upande wa nje. Nyuso zote zikigeuka ndani, ujazo hutoka sahihi ukiwa na alama ya kutoa. Hilo hutibika kwa amri moja, Flip. Uso mmoja ukigeuka peke yake ndipo mambo huharibika. Kwenye mchemraba wetu wenye sifuri katikati, kugeuza uso wa juu kunaleta 666,667, kwa sababu sehemu moja ya sita imeondoka na nyingine ikatolewa juu yake. Washa rangi ya upande wa nyuma, ile inayopaka nje na ndani rangi tofauti, na uso uliogeuka utaonekana mara moja kama kiraka cha nguo kilichoshonwa kinyume. Umbo ambalo lilishonwa vizuri kwa Join au Knit mara nyingi hupangwa upya lenyewe. Meshi ndizo zenye tabia hii.

## Ukingo mmoja, nyuso tatu

Umbo halina tundu, na bado halikubaliki kuwa solidi. Tafuta kuta za ndani. Tanki lenye ukuta wa kugawa vyumba viwili, likichorwa kwa nyuso zisizo na unene, lina kingo ambazo kuta mbili za nje na moja ya ndani hukutania. Programu haiwezi kusema ndani ni wapi. ShowEdges ina chaguo la kuziwasha kingo za namna hii pia.

Uamuzi ni wako kwanza, si wa programu. Unataka ujazo wa tanki zima? Toa ukuta wa ndani, shona, pima. Unataka ujazo wa kila chumba? Nakili ukuta wa ndani ziwe kuta mbili, gawa kuta za nje pale ukuta huo unapozigusa, kisha shona kila chumba kivyake. Jumla ya vyumba lazima iwe sawa na tanki zima, na hiyo ni hesabu ya bure ya kujikagua.

Wakati mwingine uso wa tatu ni nakala tu: mtu alibandika mara mbili, na nyuso mbili zimelaliana sawasawa. SelDup kwenye Rhino huzikamata. Kama nyuso mbili zimelaliana lakini hazilingani ukubwa, SelDup haitaziona, na itabidi ufiche mmoja mmoja uone kama chini yake kuna mwingine.

Maumbo mawili yanayogusana kwenye ukingo mmoja tu, kama vitabu viwili vilivyosimamishwa kona kwa kona, hutoa dalili hiyohiyo: nyuso nne kwenye ukingo mmoja. Yaache yawe solidi mbili.

## Limefungika, linapimika, lakini kila amri inayofuata inalikataa

Solidi inaweza kuwa imefungika na bado ikawa mbovu: uso umejikata wenyewe, ukingo umejikunja, mpaka wa uso umeandikwa kinyume. Chanzo cha kawaida ni kuongeza unene kuelekea ndani ya kona. Ukitia unene wa mm 3 upande wa ndani wa mpindo wenye nusu kipenyo cha mm 2, uso mpya unalazimika kupita kitovu cha mpindo na kujikunja upande wa pili. Hakuna toleransi itakayoponya hilo. Ongeza mpindo au punguza unene.

Kwenye Rhino, Check inaeleza kosa na SelBadObjects inachagua wagonjwa, kisha ExtractBadSrf inaung'oa uso mbovu peke yake. Ufute, ujenge mwingine kutoka kwenye kingo za majirani, ushone. Ninapendelea kufuta kuliko kutibu. Uso mmoja uliochorwa upya kwa dakika kumi ni salama kuliko uliorekebishwa kwa saa mbili.

## Ulichopewa ni meshi

Meshi mara nyingi huja kwenye faili za STL, na hizo zina mambo matatu ya kujua. Kwanza, ni pembetatu zisizojuana: katika STL ya baiti, kila pembetatu huchukua baiti 50 na hubeba pembe zake tatu peke yake, hata kama jirani anatumia pembe zilezile. Kwa hiyo hatua ya kwanza daima ni kuunganisha nukta zinazolaliana, Merge by Distance kwenye Blender kwa mfano, ndipo utafute matundu. Ukiruka hatua hii, kila ukingo utaonekana uko wazi na utaogopa bure.

Pili, si lazima uigeuze kuwa solidi ya CAD ikiwa unachotaka ni ujazo tu. Meshi iliyofungika inapimika ilivyo. Kugeuza pembetatu laki mbili ziwe nyuso laki mbili ni njia ya hakika ya kuigandisha kompyuta. Kama lazima ugeuze, FreeCAD ina Create shape from mesh kisha Convert to solid, na AutoCAD ina CONVTOSOLID, ila punguza idadi ya pembetatu kwanza.

Tatu, meshi hukata kona. Silinda iliyochorwa kwa pande 24 ndani ya duara ina ujazo pungufu kwa asilimia 1.1. Kwa pande 12 upungufu ni asilimia 4.5, kwa pande 100 ni chini ya asilimia 0.1. Usitafute ufa pale ambapo tatizo ni uchache wa pande.

Kuna pia tundu lisiloonekana: nukta ya pembetatu moja imekaa katikati ya ukingo wa nyingine. Kwa macho zimegusana, kwa hesabu ukingo mrefu umekosa mwenzake. Gawa ukingo huo kwenye nukta ile.

## Umbo liko mbali na sifuri

Michoro ya ardhi huja na namba za mamilioni ya mita. Kompyuta huhifadhi tarakimu 15 au 16 za maana, na zikitumika kusema uko wapi, zinabaki chache za kusema ufa una upana gani. Parasolid, injini iliyo ndani ya SolidWorks, hufanya kazi ndani ya kisanduku cha mita 1,000 kila upande kinachozunguka sifuri. Sogeza umbo hadi karibu na sifuri, andika umelisogeza kiasi gani, shona, pima. Mara nyingi nyufa zote hutoweka kwa hatua hiyo moja.

## Ujazo ni mkubwa mno au mdogo mno kwa kupita kiasi

Gawanya namba uliyopata kwa uliyotarajia. Ukipata takriban 16,387, mtu amechanganya inchi na milimita, maana hiyo ni 25.4 mara yenyewe mara yenyewe. Ukipata bilioni moja, ni mita na milimita. Ukipata 1,000, ni sentimita na milimita, au umesoma sentimita za ujazo ukadhani ni lita. STL haibebi vipimo, kwa hiyo kila anayeifungua hukisia.

Uwiano ukiwa si mojawapo ya hizo, piga hesabu kwa mkono. Funeli ya mraba yenye mdomo wa mm 1,200, tundu la chini la mm 300 na kimo cha mm 900: jumlisha maeneo mawili na kipeuo cha pili cha zao lao, yaani 1,440,000 + 90,000 + 360,000, zidisha kwa theluthi ya kimo, na unapata mm³ 567,000,000, lita 567. Programu ikikupa 540, kuna jambo.

## Namba ni sahihi, ila si ya kilichoulizwa

Dalili hii hugunduliwa na mteja. Tanki la wazi juu, nje mm 1,000 kwa 600 kwa 500, bamba la mm 5. Solidi imefungika vizuri na programu inasema lita 10.87. Ni kweli: hicho ni chuma chenyewe, na kwa chuma cha kilo 7.85 kwa lita moja kina uzito wa kilo 85.3. Aliyeuliza alitaka maji yatakayoingia, na hayo ni 990 × 590 × 495, lita 289.1.

Kupata ujazo wa ndani usichore upya. Toa nakala ya nyuso tano za ndani, kwa ExtractSrf ikiwa ni Rhino, ukichagua Copy, zifunge juu kwa kifuniko bapa kwenye usawa wa maji unaoutaka, kisha shona. Nyuso hizo zilikuwa zimeuangalia uwazi wa tanki, kwa hiyo kwenye umbo jipya zinaweza kuelekea ndani. Zigeuze ukiona alama ya kutoa. Orodha ikisoma nyuso 6 na kingo 12, pima.